Nati Iliyolegea

Niliitwa kwa ajili ya bomba.
Ostrava, Februari, saa mbili usiku,
theluji imekwisha geuka tope la kijivu.
Mwenye jengo alifoka kwenye simu:
"Bwana Hruška, maji yanavuja ghala la chini,
na wale wendawazimu wamo humo na nyaya zao za umeme!"
Nikachukua spana, katani, tochi.
Nikashuka ngazi kumi na nne.
Nazijua idadi kwa sababu ya goti.

Usilolijua ni usiku wa giza,
ila giza hili lilikuwa na besi.
Sikuisikia kwanza. Iliniguza
kifuani, kama mtu anayebisha hodi
akijua fika kwamba umo ndani.

Wapigaji wanne, wasikilizaji kumi na saba,
makoti yametundikwa kwenye misumari ya mbao,
spika moja imefungwa kamba ya viatu.
Na kwenye maikrofoni, nani?
Zdislava wa duka la mikate.

Miaka sita ananiuzia mkate mweusi.
Miaka sita, "Kitu kingine?"
"Hapana, asante,"
chenji inadondoka kiganjani, basi, tumemalizana.
Sasa mishipa imemtoka shingoni,
anaimba habari za tanuru
lililozimwa mwaka aliozaliwa mdogo wake,
na baba aliyerudi na kofia yake ya kazi
akaipachika juu ya kabati
mpaka mama akaipandia maua.

Tanuru lile nililipa miaka kumi na tisa.
Kofia ile ninayo.
Walikuja wenye hotuba, wakaja wenye kamera,
wakatupa karatasi za kutia saini.
Hakuna aliyeliweka jambo lile mdomoni
likatoka bado lina moto.

Sikusema kitu. Nililala chali chini ya bomba,
maji yananitonea sikioni,
nikagundua ugonjwa:
nati imelegea, na kila Radovan akipiga ngoma kubwa,
tone.
Akipiga tena, tone.
Nyumba nzima ilikuwa ikihesabu mapigo pamoja naye.

"Tusimame, babu?" akauliza mwenye besi,
kijana mrefu, vumbi la chaki kwenye mkono wa sweta.
(Ctibor. Mchana hufundisha kemia.)
Nikasema, "Endeleeni. Tena kwa nguvu,
nataka kuona kama itashika."

Ilishika tangu wimbo wa kwanza.
Nilibaki kwa saba.

Malipo? Walichanga sarafu kwenye kopo,
hazikutosha hata mafuta ya gari.
Jarmila wa gitaa akaona haya,
akanipa kaseti: nakala ya kumi na moja kati ya arobaini,
jalada limekatwa kwenye mfuko wa unga,
majina yameandikwa kwa kalamu ya kijani.
"Wako wengine pia," akaninong'oneza, kana kwamba ni magendo.
"Ijumaa, nyuma ya karakana ya baiskeli,
wale mapacha wa Bohumín. Hao ndio hatari."

Mji huu nimeufungua sakafu na kuta,
najua choo cha nani kinaziba kila Krismasi,
nikadhani hakuna kilicho chini yake nisichokigusa.

Redio ya kaseti ninayo garini tu, kwenye Škoda ya zamani.
Nilikaa gerejini, injini imezimwa,
pumzi yangu inaganda kwenye kioo,
mpaka mke wangu akateremka na gauni la kulalia
kuuliza kama nimekufa.
Nikamfungulia mlango wa upande wa pili.
Akasikiliza wimbo mmoja, miguu ameikunja kitini.
"Makelele," akasema.
Kisha: "Rudisha nyuma pale penye maua."

Asubuhi, foleni ya mikate.
Zdislava, unga hadi viwikoni, sauti imemkauka,
hanitazami.
"Kitu kingine?"

"Ndiyo," nikasema.
Watu watano nyuma yangu wakaguna.
"Wimbo wa tatu, upande wa pili.
Gitaa linamfunika mwalimu.
Mpeni nafasi yule kijana."

Akainua macho.
Mkate alinipimia vilevile, gramu kwa gramu,
ila chenji aliisahau mkononi mwake,
na mimi sikuidai.